Sakafu ya Gari la Baba

Lori lina chesesi. Ondoa kichwa chake, ondoa na bodi ya nyuma, bado utabaki na vyuma viwili virefu vilivyokaa juu ya magurudumu, vikisubiri kubebeshwa kitu kingine. Land Rover za zamani ni hivyo hivyo. Magari mengi madogo hayana vyuma hivyo. Yamejengwa kama kiberiti: sakafu, mbavu, paa na nguzo za milango, bati jembamba limeshonwa kwa bati jembamba, na nguvu yote inatokana na umbo. Chukua kiberiti, toa kile kidroo cha njiti, kisha lisukume ganda kwa kidole upande mmoja. Linalala. Gari nalo hulala hivyo ukikata sakafu yake kabla ya kulishika.

Sikuwahi kuyawaza haya mpaka niliporithi gari.

Baba alipofariki, wazee wa ukoo walikaa siku ya kuanua matanga kugawa alichoacha. Kwetu Uru, kama sehemu nyingi za Uchagani, mgawo una njia yake ya zamani: mtoto wa kwanza wa kiume ana fungu lake, na kitinda mimba wa kiume hubaki na nyumba ya baba pamoja na kihamba kinachoizunguka. Mambo yakaenda hivyo. Kaka akapata shamba la juu, mdogo wetu akapata kihamba. Kisha mzee mmoja akanigeukia na kusema, "Na binti achukue gari." Watu wawili watatu wakacheka, si kwa ubaya, ni vile tu kila mmoja alilijua gari lenyewe. Lilikuwa chini ya mparachichi kwa miaka tisa, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma.

Mimi ni mwalimu wa somo la uraia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, naifundisha kila mwaka: mwanamke ana haki ya kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia sawasawa na mwanamume. Siku ile hakuna aliyeitaja. Mama alikuwa bado na kaniki begani, na mimi niliona yapo mambo yanayongoja. Nikasema asante, nikapokea ufunguo.

Gari lenyewe ni Peugeot 404, stesheni wagoni. Modeli ya 404 ilitoka mwaka 1960, na kwa barabara zetu ilikuja kuwa jina kubwa. Ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968, na mbili kati ya hizo aliendesha Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Baba alizisimulia mbio hizo kana kwamba alikuwa kiti cha nyuma. Gari lake alilinunua likiwa limetumika, mwaka 1977. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka uliotangulia, naye alikuwa amepoteza ukarani wake, lakini kahawa ilikuwa na bei kwa sababu ya baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazili Julai 1975. Msiba wa Brazili ukatuletea gari Uru.

Lilibeba magunia ya kahawa, mikungu ya ndizi na maharusi. Zaidi ya yote lilibeba wagonjwa kwenda KCMC. Katika miaka ile ya uhaba wa mafuta, magari ya watu binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili mchana, Baba aliliwasha kwa ajili ya mgonjwa tu. Watoto wawili walizaliwa ndani yake, mmoja kabla ya kufika Rau. Kwa hiyo kaka aliposema tuliuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu, Mama alijibu kwa upole kwamba chuma kile kina majina ya watu.

Fundi wa kwanza niliyemfuata alikuwa mjini. Alikuja, akachomeka bisibisi kwenye sakafu upande wa dereva, ikapenya hadi mpini. Upande wa abiria hivyo hivyo. Akasema kazi ni siku mbili: atalaza bati juu ya ile kutu, atapiga ribiti, atapaka lami juu na chini. Bati lenyewe alilonionyesha lilikuwa la kuezekea nyumba, geji 30, jepesi la kukunjika kwa mkono. Nilipouliza kama litashika uzito akacheka. "Dada, chini nani anaona?"

Fundi wa pili alikuwa mzee wa Uru, aliyefanya kazi ya bodi miaka mingi Gerezani, Dar es Salaam, kisha akarudi nyumbani kuzeeka. Yeye hakuinama kutazama sakafu. Alifungua milango minne, mmoja baada ya mwingine, akaifunga polepole huku ameinamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua. Mlango wa nyuma kushoto ilibidi aunyanyue kidogo ndipo ukakubali. Akanionyesha ule mkunjo wa bati unaopita ubavuni kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Kwenye mlango ule mkunjo ulikuwa umeshuka milimita 6 chini ya mwenzake wa nyuma.

"Gari lako limeshakaa, mwalimu," akasema. "Limekaa katikati, kama kitanda cha kamba."

Akaeleza kwamba chini ya milango, kila upande, kuna boksi refu la bati. Maboksi hayo mawili na sakafu inayoyaunganisha ndivyo vinavyozuia gari lisipinde katikati, maana injini inalemea mbele na mizigo inalemea nyuma. Maboksi yakioza, nguzo ya katikati inazama, na mlango uliofungwa kwenye nguzo hiyo unazama nayo. Ukichomelea sakafu mpya gari likiwa katika hali hiyo, utakuwa umeufanya ule upinde kuwa wa kudumu. Bati litakuwa jipya na gari litakuwa bovu.

Alitaka kitu kimoja kwanza: mahali tambarare. Kwa mtu wa Uru hilo si ombi dogo. Tuko kaskazini mwa Moshi mjini, kati ya Kibosho na Mbokomu, na ardhi yote inateremka. Wazee wetu walichimba mifongo ya kumwagilia mashamba wakiongozwa na maji yenyewe, wakijua kwamba hapa hakuna sehemu ambayo maji hayataki kuondoka. Ua wetu unateremka, barabara inateremka, hata baraza ya nyumba ya zamani ina upande wa juu na upande wa chini. Tambarare ilikuwa moja tu kwenye kihamba kizima: jamvi la zege la nyumba ambayo mdogo wangu, anayeishi Dar, alikuwa ameanza kuijenga.

Alikuja Krismasi, kama Wachaga wote wanavyopanda mlimani. Nikamwomba.

"Dada, mimi nataka kuta zifike kwenye linta kabla ya masika."

"Nipe mpaka mwisho wa Februari."

Akalitazama gari, akanitazama mimi. "Hilo gari unalipenda kuliko sisi." Lakini alikubali, na kesho yake yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kusukuma pamoja na vijana wa jirani, tukilipandisha juu ya mbao hadi likakaa katikati ya jamvi.

Fundi alianza kwa kulipima jamvi. Alijaza maji kwenye mpira unaoonyesha ndani, akashika ncha moja yeye, nyingine mimi, tukazunguka pembe zote. Upande wa kusini ulikuwa chini kwa sentimita 1. Akakata vipande vya chuma bapa vya kufidia. Kisha akatoa tangi la mafuta na betri, viti, gurudumu la akiba na bampa, akaweka ndoo mbili za mchanga karibu kwa ajili ya moto. Magurudumu aliyatoa, akaliketisha gari juu ya stendi mahali pale pale uzito wake unapobebwa siku zote, penye springi za mbele na za nyuma. Jeki mbili za kuzungusha akaziweka chini ya katikati, juu ya mbao, ili zisitoboe.

Alizungusha robo mzunguko kushoto, robo kulia, akaenda kufunga mlango. Tena robo. Kati ya mlango na nguzo alikuwa akipitisha kijiti cha mbao alichokichonga kuwa milimita 5, akiteremka nacho toka juu hadi chini. Kazi hiyo peke yake ilichukua Jumamosi nzima. Jioni ule mkunjo wa ubavuni ulinyooka, na mlango ukaingia bila kunyanyuliwa.

Nilimuuliza anajuaje kuwa hapo ndipo, wakati hana kitabu cha vipimo cha kiwanda.

"Sakafu imeoza, huwezi kuiuliza. Nguzo zimezama, nazo zitakudanganya. Mlango haukuzama. Uliumbwa na tundu lake siku moja. Kama unaingia vizuri, tundu lina umbo lake."

Hapo tu ndipo alipochomelea vizuizi. Alitumia chuma cha pembe, ambacho mafundi hukiita engo: kimoja kimekatiza kila tundu la mlango, viwili vimetoka nguzo ya kushoto hadi ya kulia, na viwili vimepishana msalaba kati yake. Aliviweka kwa ndani ili milango iendelee kufungwa. Fundi asiyeweza kufunga mlango katikati ya kazi, alisema, atajua ameharibu siku ya kupaka rangi.

Kisha ikaja timazi, ile ile ya waashi. Alichagua sehemu 12 chini ya gari: matundu ya boliti, ncha za fremu za mbele, mahali springi zinapokaa. Kila moja aliiteremshia timazi, akangoja itulie, akapiga alama kwenye zege kwa msumari wa chuma kigumu na kuizungushia rangi nyekundu. Tukapima kwa futi kutoka alama hadi alama, marefu, mapana na misalaba, nami nikawa naandika kwenye daftari la shule. Msalaba mkubwa wa kwanza na wa pili ulitofautiana kwa milimita 3. Nilitaka tuusawazishe. Akatikisa kichwa: milango yote minne imekubali, kwa hiyo hizo tatu ni za gari lenyewe, limeishi nazo, tuziandike.

Tulikata upande wa kushoto peke yake, wa kulia ukabaki umeshika. Hakutumia patasi wala moto. Kila nukta ya kiwanda aliitoboa kwa keekee mpaka bati la juu likaachia. Ndani ya boksi la chini ya milango tulikuta udongo mwekundu ulioshindiliwa kama tofali, punje za kahawa zenye maganda yake, na senti hamsini ya zamani yenye sungura. Mama aliichukua ile sarafu, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaondoka nayo bila kusema neno.

Bati jipya lilikuwa geji 18. Mara nyingi sakafu za magari hupigwa mikunjo kiwandani, kwa sababu bati lililonyooka hupiga kelele kama debe na hupinda kirahisi. Fundi aliipiga mikunjo ile kwa nyundo ya mti juu ya gunia la mchanga, akifuata ya zamani. Kisha akaanza kulishika bati kwa nukta. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kazi ya siku mbili ni uongo. Chuma cha mita 1 kikipata joto la nyuzi 100 zaidi, kinarefuka kwa zaidi kidogo ya milimita 1. Na penye mshono, ambapo chuma kinayeyuka kabisa, kinapopoa kinajikunyata na kuvuta kila kilichoshikana nacho. Kwa hiyo anachomelea sentimita 2 mbele, anahamia nyuma, anarudi katikati, anakaa. Anakunywa chai. Anashika bati kwa kiganja. Likiwa bado la moto, anakunywa nyingine.

Jumamosi ya tatu ya Februari, nusu ya nukta zikiwa zimepigwa, tulipima misalaba kama kawaida. Tofauti haikuwa tena 3, ilikuwa 8. Mlango wa nyuma uliingia, lakini kwa mlio mzito. Fundi hakushtuka. Alizikata nukta sita za mwisho kwa grainda, akasema bati lilale mpaka kesho likiwa huru.

Saa hiyo hiyo tukasikia lori likipanda.

Lilikuwa la mchanga na kokoto, wiki moja kabla ya wakati. Dereva akashuka, akaona gari bila magurudumu juu ya jamvi. "Mwenye jamvi kasema nimwage hapa." Nikamwambia hapa kuna kazi. Akasema yeye kalipwa kumwaga, si kungoja. Nilisimama kwenye ukingo wa jamvi, nyuma ya tairi zake, nikampigia mdogo wangu. Sikumbuki kupandisha sauti. Nilimwambia kwamba mchanga ukimwagwa hapa utafunika alama, na vishindo vya kokoto vitahamisha stendi, na gari hili likihama leo halitanyooka tena. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akaomba kuongea na dereva. Mchanga ukamwagwa njiani, majirani wakatusaidia kuusogeza hadi usiku.

Asubuhi ya Jumatatu alishuka kwenye basi kutoka Dar, uso umekunjamana. Nadhani alikuja kugomba. Alilikuta bati limepoa, fundi amelisogeza kwa jeki ndogo na yupo chini ya gari na futi mkononi. "Kijana, shika hapo," fundi akasema, na kumpa ncha. Mdogo wangu akainama na suruali yake ya safari, akashika. Msalaba wa kwanza. Msalaba wa pili. Nikasoma daftari. Tofauti ilikuwa 3.

Alikaa siku nne. Alikuwa akishika futi, akihesabu nukta, akiuliza. Siku ya pili aliuliza zile duara nyekundu ni za nini, na fundi akamweleza habari za milango na matundu yake. Jioni hiyo tulikaa kwenye ukingo wa jamvi, miguu inaning'inia. Chini yetu mstari wa masale ulionekana, ule unaotenga kihamba chetu na cha jirani. Isale kwetu ni mmea wa amani, anayekosa huenda nao kuomba radhi. Na ndiyo mpaka wa shamba pia.

"Dada," akasema, "siku ya matanga ulitaka nini?"

Nikamwambia nilitaka pale penye mparachichi. Si pakubwa. Nikamwambia pia kwamba wewe na mimi tunajua leo, na Mama anajua, lakini nyumba ikisimama, na Mama asipokuwepo, na watoto wetu wakawa ndio wenye kuulizana, itabidi mtu akisie. Nataka papimwe wakati wanaojua bado wapo.

Hakujibu usiku ule. Asubuhi alichukua futi ya fundi. Mama alitoka akiwa na fimbo yake, akatuonyesha Baba alipanda isale la kwanza wapi na la mwisho wapi, na kwamba moja katikati lilikauka likapandwa upya, mkono mmoja kushoto. Tukapima kutoka masale hadi mparachichi, na kutoka mparachichi hadi njia ya mfongo, na misalaba yake. Sikuwa na daftari jingine. Niliandika ukurasa wa pili, mkabala na vipimo vya gari. Mdogo wangu akatia sahihi, nikatia, Mama akaandika jina lake kwa herufi za mwandiko wa shule ya misheni. Kaka mkubwa bado hajasaini, anasema atafikiri. Wazee wa ukoo bado hawajakaa. Nakala ya ukurasa huo imefika kwa mwenyekiti wa kijiji, na huko nako inangoja.

Upande wa kulia ulikwenda haraka zaidi, maana sasa kushoto kulikuwa na kitu cha kushikilia. Vizuizi vilitolewa kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja milango yote minne ilifunguliwa na kufungwa. Tarehe 27 Februari vijana walelisukuma gari hadi chini ya mti wake, likiwa na sakafu nyeusi inayonuka rangi. Mama akaingia kiti cha mbele. Akauvuta mlango kwa kidole kimoja, ukafunga.

Injini bado haijawaka. Hiyo ni kazi nyingine na pesa nyingine. Kuta za mdogo wangu zimefika kwenye linta. Pale lilipokaa gari patakuwa sebule, na fundi wake wa vigae ameshaniuliza zile duara nyekundu azikwangue au azifunike tu. Nilimwambia azifunike. Daftari liko ndani ya gari, kwenye kisanduku cha mbele ya abiria, pamoja na ile senti hamsini, ambayo Mama aliirudisha yeye mwenyewe.